Chama cha Kuegesha Mteremkoni

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, betri za magari nazo zilirudi. Baba hakununua. Alisema ya kwake bado nzima, na siku isipokuwa nzima, mteremko upo. Alikuwa dereva mstaafu wa serikali na Landrova lake lilikuwa limemzidi mdogo wangu wa mwisho kwa umri. Katika miaka ya dhiki alijifunza kuliegesha pua ikitazama chini, jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi unaondoa jiwe, unaachia breki, gari linaserereka, unaingiza gia na linashtuka. Dhiki ikaisha, tabia ikabaki.

Hakuwa peke yake. Pamoja naye walikuwepo wanne mjini wenye magari ya umri ule na ugonjwa ule. Walianza kukutana Jumapili baada ya misa na baada ya swala, maana mmoja wao alikuwa Mwislamu wa mtaani kwetu Chanji, na baa waliyoichagua haikuchaguliwa kwa bia wala nyama. Ilichaguliwa kwa sababu barabara yake inashuka. Wakaiita shughuli yao chama. Sheria zao zilikuwa mbili: gari bovu kuliko yote litangulie, ili lisiachwe, na injini isizimwe penye tambarare. Mimi niliwaona watu wazima wenye wajukuu wakipoteza muda, na niliwaambia.

Kisha wakaamua kuvuka mpaka wa Zambia kwenda Mbala. Walisikia kule yupo fundi aliyejaza uwanja mzima magari ya zamani aliyoyafungua, na kila mmoja alikuwa na kipuri chake alichokiota. Kwa miaka mingi safari ile ilikuwa haiwezekani. Sasa petroli ilipatikana, njia ilikuwa wazi, na wakapanga kwenda wote, magari manne kwa msafara.

Baba alipotutangazia hayo wakati wa chakula, mama aliacha kula. Akanawa mikono, akasema, "Na mimi nakwenda."

Ndugu zangu walitazama sahani zao.

Mama alizaliwa upande ule. Ni Mmambwe, aliolewa Ufipa akiwa msichana, akamwacha mama yake na dada yake kwenye kijiji kilicho kando ya njia ya Mbala. Bibi alifariki katika miaka ile mibaya kabisa. Habari zilitufikia kwa mdomo wa mchuuzi wa dagaa, wakati Landrova la baba limekaa juu ya matofali na petroli inatolewa kwa kibali. Baba alizunguka ofisi zote akakosa. Mama alichukua kikapu akaenda kukaa stendi, akashinda pale akingoja lori lolote linalokwenda mpakani, akarudi jioni, kesho yake akaenda tena. Lori halikuja. Bibi akazikwa bila yeye.

Baadaye mchuuzi yule yule akaleta ujumbe wa dada mtu. Mama mkubwa alikuwa amesema hivi: kama ameshindwa kuja kumzika mama, na mimi asije kunizika.

Mama aliyapokea maneno hayo akiwa anachambua maharage, na akaendelea kuyachambua. Tangu siku hiyo hakumtaja dada yake. Petroli iliporudi hakwenda. Barua hakutuma. Ukimgusia Mbala alikuwa anainuka kutafuta kazi ya kufanya. Nilijua anaumia, na iliniudhi kwamba hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kumwambia nenda, mimi nikiwa mmoja wao. Sasa alikuwa amesema mwenyewe, na mimi nikaomba ruhusa shuleni Katandala nilikokuwa nafundisha, nikasema namsindikiza mgonjwa. Haikuwa uongo sana.

Tuliondoka asubuhi ya baridi, ile ya mwezi wa saba inayokufanya uvae kila ulicho nacho. Bedfodi la mtani wetu lilitangulia kwa mujibu wa sheria. Mtani huyu alikuwa Mnyamwezi aliyehamia zamani, rafiki mkubwa wa baba, na matusi waliyokuwa wakipeana hayakuwa na mapumziko. Mama alikaa nyuma nami, kikapu mapajani, ndani yake unga wa ulezi, kitenge kipya na blanketi alilolinunua kwa siri. Nje mashamba yalikuwa yamevunwa, yamebaki mabua na nyasi zilizokauka mpaka ukingo wa macho. Nchi yetu ile ya juu haina miti mingi ya kukuzuia kuona, kwa hiyo Bedfodi tuliliona muda wote likitutimulia vumbi lake lote.

Matai tulisimama kunywa chai. Pale mahali ni tambarare, kwa hiyo wazee walikunywa kwa zamu huku magari manne yakinguruma barabarani, na moshi ukiingia kwenye maandazi ya mama wa watu aliyetuuzia chai. Niliona aibu.

"Zimeni basi hata dakika moja," nikasema.

"Ukizima wewe ndiye utasukuma?" mtani akaniuliza. "Ninyi Wafipa mna nguvu za kula tu."

Baba akamwambia Mnyamwezi ni wa kubeba mizigo tangu babu zake, asukume yeye. Wakacheka. Mama hakucheka, na kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Akanivuta kanga, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mkifika mpakani mniache hapo hapo. Nitawasubiri mpaka mrudi."

"Mama, umefunga safari yote hii."

"Nimefikiri vibaya. Atanifukuza mbele za watu."

Nilimwambia baba. Alikuwa anafuta kioo kwa kitambaa, akaendelea kufuta. "Tutaona huko huko," akasema.

Mpaka wenyewe ulikuwa mti uliolazwa barabarani, ofisi yetu upande huu, na yao kule mbele, bondeni kidogo. Mbele ya ofisi yetu palikuwa tambarare kama meza. Kijana wa uhamiaji akatuonyesha kwa mkono tuegeshe, tuzime, tuingie ndani kugonga mihuri. Wazee wakatazamana madirishani. Kuzima pale ilikuwa sawa na kuhamia pale.

Baba akashuka akaenda kwa yule kijana, akamwamkia vizuri kuliko umri wa kijana ulivyostahili, akamweleza habari za betri kwa kirefu. Akamwonyesha barabara ilivyoshuka mara tu baada ya mti. Wangeegesha pale tu, hatua chache, kisha wangerudi kwa miguu kugonga mihuri. Kijana akacheka mpaka akashika kiuno. Nadhani hakuwahi kuombwa jambo kama lile. Akainua mti.

Basi magari yakapita, moja nyuma ya jingine, yakapangwa mteremkoni pua chini, mawe yakawekwa, injini zikazimwa. Kukawa kimya kizuri. Wazee walishuka wakijipongeza. Walikuwa wameanza kurudi ofisini ndipo afisa wa upande wa pili, mtu mnene mwenye sweta la kijani, alipotoka bondeni akipanda kwa hasira.

"Magari haya yameingia Zambia kwa ruhusa ya nani?"

Hapo ndipo wanachama wote wa chama kile walipogundua walichokifanya. Magari yalikuwa yamevuka mpaka, wenyewe bado. Afisa akaamuru yarudishwe yalikotoka kisha yaingie kama magari ya watu wenye akili. Mtani akamweleza kwa adabu kwamba haya yakishalala hivi huwaka kwa kwenda chini tu. Kurudi nyuma kwenda juu, hapana. Na kwenda chini ni kuingia Zambia zaidi. Afisa akalitazama Bedfodi, akautazama mlima, akafikiri ni nani wa kulisukuma, na nadhani aliona jibu lilikuwa ni yeye na askari wake wawili. Alizidi kukasirika.

Katika zogo hilo sikumwona mama akishuka. Nilipogeuka alikuwa ameshaweka kikapu kichwani, anapanda barabara taratibu kurudi kwetu, magoti yake mabovu yakimsumbua. Nilimkimbilia. Afisa naye alimwona, akamwacha baba na maneno yake, akamfuata akimwita. Hakumwita kwa Kiswahili. Alimwita kwa Kimambwe, na mama akasimama.

Kimambwe na Kifipa vinakaribiana, nilisikia kila neno.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Narudi nyumbani."

"Ulikuwa unakwenda wapi kwanza?"

Kikapu kilikuwa bado kichwani kwa mama, ameshikilia ukingo kwa mkono mmoja. "Maziko," akasema.

Sauti ya yule mtu ikabadilika. Akatoa pole kwanza, kama inavyotakiwa, kisha akauliza aliyefariki ni nani.

"Mama yangu."

"Amefariki lini?"

Mama akamwambia. Ilikuwa miaka mingi. Nilitazama chini, nikingoja acheke au atutukane. Hakufanya hivyo. Aliuliza tu, taratibu, kwa nini tumechelewa kiasi hicho.

"Hakukuwa na petroli," mama akajibu.

Afisa akavua kofia yake akaikung'uta pajani, ingawa haikuwa na vumbi. Halafu akamwambia, "Basi unakwenda upande siyo. Maziko yako huku." Akampokea kikapu, akashuka nacho mpaka kwenye Landrova. Magari yakabaki pale pale. Wazee wakaenda ofisi zote mbili kwa miguu, wakakaguliwa, wakasemwa vya kutosha, na hakuna aliyesukuma kitu.

Tulipokuwa tunarudi, siku kadhaa baadaye, niliona kwamba nyuma ya ofisi yetu palikuwa na mteremko mzuri tu, unatazama nyumbani, mtu angeweza kuegesha hata malori kumi. Nikamwuliza baba kama hakuuona siku ile mama alipotaka kuachwa mpakani. Alisema ule ulikuwa na changarawe. Sijawahi kupata jibu jingine kwake, na nilimpenda zaidi kwa hilo kuliko kwa mambo mengi aliyonifanyia.

Siku ile ya kwenda, kijiji kilikuwa mbele kidogo, ukiacha njia kuu. Wanachama wengine wangeweza kuendelea na safari ya Mbala kutafuta vipuri vyao, lakini mtani alisema gari bovu haliachwi, na nilielewa kwamba safari hii alimaanisha sisi. Magari yote manne yakakata kona. Watoto walitoka mbio kutuzunguka, na tulipofika uani watu wengi walikuwa wamesimama.

Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda anapura maharage. Nilimjua bila kuambiwa: mdomo wa mama, mikono ya mama, ila mrefu zaidi na mkavu zaidi. Hakuinuka. Mama alishuka, akasimama mbali, kikapu mikononi. Kwao mtu aliyekosa maziko haketi, hanywi maji wala hasalimii kabla ya kufikishwa kaburini, na asiyetakiwa hafikishwi. Husimama pale pale uani mpaka achoke aondoke. Kwa hiyo mama alisimama, na sisi sote tulisimama, hata mtani alifunga mdomo. Niliapa kimoyomoyo kwamba yule mwanamke akimwacha mama dakika moja zaidi nitasema neno litakalovunja udugu moja kwa moja.

Mama mkubwa akaweka fimbo ya kupuria chini. Akainuka, akajipangusa makapi, akapita mbele ya mama bila kumtazama, akashika njia ya nyuma ya nyumba. Hatukujua kama anatukimbia. Alipofika kwenye kona akageuka.

"Unangoja nini?"

Mama akaenda. Nilimfuata, kwa sababu ya magoti yake.

Kaburi la bibi lilikuwa chini ya mwinuko mdogo, limefagiwa, limezungushiwa mawe. Lilikuwa limesawazishwa vizuri isipokuwa upande wa kichwani, ambako palikuwa na kishimo kidogo, cha kutosha kuingia ngumi. Nilifikiri ni panya. Lakini kingo zake zilikuwa safi, na kando yake palikuwa na kirundo cha udongo mwekundu, laini, usio na jani hata moja.

"Siku ile kila mtoto alitupia udongo wake," mama mkubwa akasema. Alikuwa analiambia kaburi, si sisi. "Nikawaambia wachimbaji waache pa mdogo wangu. Mvua zinapaziba kila mwaka. Nami napachimbua kila mwaka. Mwaka huu mgongo nusura ukatae, nikasema nikishindwa mwakani nitapafukia mwenyewe."

Mama akakiachia kikapu. Machozi ambayo sikuwahi kuyaona yakamtoka tu, bila sauti. Akainama, akachota udongo kwa mikono miwili, akaumimina kwenye kishimo, akaupiga piga kwa kiganja mpaka ukalingana na kaburi lote.

Dada yake alisimama akikagua kazi, mikono nyuma. Aliporidhika akasema, "Haya. Sasa niamkie."

Na mama yangu, ambaye mtaa mzima wa Chanji ulikuwa unampigia magoti, akapiga magoti palepale kwenye udongo, akapiga makofi taratibu, desturi ya kwao, akamwamkia dada yake.