Nilimpa Baba Mkwe Ruhusa ya Kufuta, Sasa Anafukuzwa Zuhura

Naomba kisa hiki kiwekwe bila jina langu wala la ofisi. Nina miaka thelathini na tatu, nimeolewa, naishi Lindi. Nilimaliza kidato cha nne nikasomea kompyuta, na sasa natunza orodha ya wakulima katika kampuni binafsi inayogawa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Orodha ni moja, wote tunaifungua kutoka mezani kwetu, kila mtu kwa neno lake la siri. Mimi ndiye ninayepanga nani asome tu, nani aandike, nani afute.

Msimu huu kampuni ilimwajiri baba mkwe wangu aandikishe wakulima wa Kilangala. Mashine ikamkataa. Kila akitaka kuhifadhi jina, inamjibu hana ruhusa. Vijana wa stoo wakamtania, "Mzee, piga hodi kwanza." Akacheka nao, lakini alipokuja kwangu alisema kwa sauti ya chini, "Mkwe, nitazamie. Nisiaibike mbele ya watoto hawa."

Angekuwa mwingine ningesimama nyuma yake nione anakwamia wapi. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Lakini kwetu mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe hivyo. Hata chakula namtengea na kuondoka. Nitamwinamiaje begani nimwambie hapo umekosea? Nikabaki kitini kwangu, nikampa ruhusa zote nilizo nazo mimi, pamoja na ya kufuta. "Jaribu sasa, baba." Ikakubali. Nikajiambia nitazipunguza kesho yake. Sikuzipunguza.

Siku moja akila nyumbani alimwambia mume wangu, amefurahi kweli, "Nilifungua na sehemu ya kijiji cha Sudi. Majina yanajirudia tu. Hamisi Saidi wanne! Nimeisafisha, nikabakiza mmoja mmoja." Nilikuwa mlangoni na jagi la maji. Wale ni watu wanne, kila mmoja na shamba lake. Niliweka jagi mezani nikarudi jikoni.

Salfa ilipofika Sudi, watu hawakuona majina yao, na mikorosho imeshatoa maua, wakati wa kupuliza ndio huo. Mfumo wetu hauonyeshi nani kafuta nini, hivyo bosi akauliza nani wana ruhusa ya kufuta. Nilirudi mezani, nikamwondolea baba mkwe ruhusa ile, ndipo nikampelekea jibu: mimi na Zuhura (si jina lake). Zuhura ndiye anayeshughulikia Sudi. Akasimamishwa kazi.

Majina nimeyarudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Kumrudisha Zuhura nimeshindwa. Huwa naandika shajara kila jioni, lakini ukurasa wa siku ile una tarehe tu.

Bosi amenipa mimi niandike ripoti, naye ataamua Jumatatu. Jana Zuhura alikuja kwangu nyumbani, baba mkwe akiwa barazani. Akasema, "Dada, nimeshukuru wamekupa wewe. Wewe hunionei." Alipoondoka, baba mkwe aliniuliza, "Yule binti kafanya nini hasa?" Nikajibu sijui.

Nikisema kweli, mzee atajua aibu aliyoniomba nimkinge nayo nimemletea mimi, mbele ya vijana walewale, na sijui mume wangu atanitazamaje. Nikinyamaza, binti wa watu anafukuzwa kwa mkono wangu. Ninyi wenye wakwe, jambo kama hili mngeanza kumwambia nani, na kwa maneno gani? Nisaidieni kabla ya Jumatatu.