Maji Kabla ya Jina

Usiku ninaousimulia ulikuwa wa mwaka tuliokula makande mpaka tukayachukia, mchele umepanda bei hata harusini watu walipewa ugali na maharage, wakala wakanyamaza. Mwaka huo ndio walitaka kuninyang'anya ufunguo.

Ufunguo wa fleti ya juu. Mume wangu aliijenga, akafa kabla ya kupaka rangi, nasi tukawa tunaipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu wanaokuja kupanda milima yetu ya Uluguru. Kazi tuligawana. Mwanangu Idi, aliye Dodoma, anajibu simu na kupanga siku. Binti yake Zuhura, ninayeishi naye, anafua mashuka na kudeki. Mimi nakaa barazani chini, ufunguo kwenye pindo la kanga, napokea. Sikuvuka darasa la pili, lakini hakuna mgeni aliyeondoka kwangu na kiu.

Siku ile alikuja mzee mmoja na begi, jasho linamtiririka. Nikampa maji, nikampa uji, nikampandisha juu. Akaoga, akalala. Mara wakatokea mtu na mkewe, wageni wenyewe. Kumbe yule mzee alikuwa anakwenda kwa jirani wa nyumba ya tatu, akadhani ndivyo mtaa wetu unavyompokea kila mpita njia!

Zuhura akampigia baba yake, akaweka spika.

"Mama, hukumuuliza jina?"

"Mgeni haulizwi jina kabla hajanywa maji. Wewe ulilelewa wapi?"

"Sawa. Na alipokwisha kunywa?"

Hapo nikalikaza fundo la pindo langu. Mzee alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa na furaha ya kumpokea.

"Kesho Zuhura anafunga kisanduku mlangoni. Ufunguo unakaa humo, mgeni anabonyeza namba, anaingia. Wewe upumzike."

Upumzike! Neno la makaburini hilo.

"Kweli Bibi, umechoka," Zuhura naye akadakia.

"Nimekuchoka wewe, mke mwenzangu usiyejua hata kukoroga uji." Kisha nikaisogelea simu, Dodoma wanisikie. "Ufunguo siutoi. Mgeni wa nyumba hii anafunguliwa na mtu."

Nikalala na hasira zangu.

Kwenye ndoto kulikuwa mchana mweupe. Nilikuwa barazani, nikaona mwanamke anapanda ngazi peku, kikapu kichwani, jogoo kwapani. Visigino vile navijua. Ni mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, niliyemwosha kwa mikono yangu siku alipokufa. Ndiye aliyenifundisha kupokea wageni nilipoolewa kijijini kwao, akinikata jicho nikichelewa na kata ya maji. Hakuwahi hata siku moja kuniambia nimefanya vizuri.

Nataka kuinuka, miguu haitaki. Yeye anafika mlangoni. Mlango hauna kitasa, una kisanduku, na kisanduku kinasema kwa sauti ya Idi: "Jina?"

Anakitazama. Anatua kikapu. Ngazi imekuwa njia ya kijijini, vumbi jekundu, na mlango umesimama peke yake katikati ya mahindi.

"Jina?"

"Nilikotoka majina tunayaacha njiani," anasema. Hakiambii kisanduku. Ananiambia mimi. "Na wewe umekaa tu?"

Miguu ikanitii. Niko mbele yake, nimepiga magoti, kata mikononi. Anakunywa mpaka tone la mwisho. Safari hii siukimbilii mlango. Nasubiri. Naye, bila kuulizwa, anasema polepole, kama mtu anayeokota alichoangusha:

"Mimi Mwantumu, mama wa mumeo." Ananirudishia kata. "Sasa fungua. Kwa yule mzee ulikuwa na haraka ya nini?"

Nafungua. Ndani si fleti, ni jiko lake la zamani, moshi na harufu ya mahindi ya kuchoma. Anainama kuingia. Hageuki.

"Umepokea vizuri," anasema.

Nikaamka shavu limelowa. Kulikuwa kumekucha. Juu nikasikia nyundo. Nikapanda na kanga zangu vilevile, nikamkuta Zuhura na kisanduku chake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Shusha hicho kidude."

"Baba amesema…"

"Mwambie baba yako, bibi yake alikuja. Mgeni atakunywa maji kwanza. Akishatua glasi, tunamsubiri ataje jina, nawe utakuwa umekaa ubavuni kwangu unalitafuta kwenye simu yako. Lisipokuwemo, tunampeleka kwa jirani, kiu imemtoka."

Akanitazama. Nyundo ikashuka kidogo.

"Na hiki kisanduku?"

"Kaweke chumvi humo, kitatufaa jikoni."

"Na ufunguo, Bibi? Nimwambie nini?"

"Ufunguo siutoi. Mgeni wa nyumba hii anafunguliwa na mtu."