Susa ya Ayeeyo

Dawa za kuua bakteria zilimaliza homa ya ayeeyo, bibi yangu, zikamwachia tumbo lisilokubali chakula. Daktari wa hapa Garissa akaniambia nimtafutie mtindi wenye bakteria hai, wale wazuri wanaotunza utumbo na kuusaidia mwili kujikinga. Nina shahada ya lishe, hayo nimeyasoma. Hata hivyo nilisimama dukani nikisoma kila pakiti, nikihofu kwamba joto limeshawaua, mpaka mwenye duka akasema, "Wallahi, ndugu, unanunua au unaposa?"

Ayeeyo alionja kijiko kimoja, akageuza uso. "Hii ni tamu tu. Nataka susa."

Unajua, rafiki yangu, neno moja linavyoweza kukurudisha. Nilijiona Hadado, kijijini kwetu, utotoni, ngamia wakinung'unika zizini alfajiri. Ayeeyo alitikisa vijinga vya moto ndani ya chombo chake cha mizizi iliyosukwa, moshi ukaingia kila mshono, kisha akamimina maziwa ya ngamia yachache, yawe susa. Sabuni haikukigusa kamwe. Chini aliacha funda la susa ya jana ili lichachushe maziwa ya leo. Mbegu hiyo alipewa na mama yake alipoolewa. Susa ilikuwa kali, inanukia moshi, inakwaruza koo. Mtoto aliyeharisha alipewa hiyo. Jirani ambaye maziwa yake yameharibika alikuja kuomba mbegu, na ayeeyo akamtania, "Tena? Wewe maziwa yako unayatisha."

Kisha ukame ukamaliza ngamia. Tukahamia Galbet, hapa mjini Garissa, na chombo kikakauka.

Sasa nilinunua maziwa ya ngamia kwa akina mama wa sokoni, nikayachemsha, nikafukiza chombo kama nilivyokumbuka, nikayachachusha kwa mtindi ule wa dukani. Nilifunua na kunusa kila mara hadi mama akaninyang'anya kifuniko.

Ayeeyo alionja, akakaa nayo mdomoni.

"Nzuri. Mbegu ya nyumba gani?"

Nilifikiria kumdanganya. "Ya dukani, ayeeyo."

Akainywa polepole hadi mwisho, nadhani kwa sababu nilikuwa nimeketi pale namtazama.

Ngamia walipokufa, watu walikuja kutupa pole. Lile funda hakuna aliyelililia. Hatukujua kwamba nalo lilikuwa hai.

Tumbo lake linatulia, alhamdulillahi. Uji anamaliza. Ila tangu siku hiyo hajaomba susa tena.