Kontrola Iliyopimwa kwa Chai

Juzi niliitwa Kiminini kwa Mama Nekesa. Mashine yake ya kuangulia vifaranga ilikataa kushika joto na mayai yalikuwa yanapoa. Mimi ndiye fundi, kama neno hilo linanifaa.

Niliunga waya wa sensa, kile kipima joto cha mashine, uliokuwa umekatika. Kuijaribu, nikaitumbukiza kwenye kikombe cha chai alichoniletea. Namba zikapanda, hita ikajizima. Kazi safi, hapo nijisifu kidogo. Kisha, kwa ustadi wangu wote, nikasahau kuitoa.

Nikangoja hita iwake tena. Wapi. Mama Nekesa, ambaye kwake chai ya mgeni hairuhusiwi kupoa, akaongeza ya moto huku macho yake yakiwa kwa mayai. Nikafungua kontrola, kile kisanduku kinachowasha na kuzima hita, nikaifunga, nikatikisa kichwa kama daktari bingwa.

“Mama, hii imekufa. Na mayai nayo, tuseme yameenda.”

Mama Nekesa akainua birika kuniongezea tena. Hapo ndipo akauona waya, bado umo kikombeni.

“Ati imekufa,” akasema polepole. “Si imepima chai yangu ikaona joto imetosha? Ama fundi, ulitaka niangulie vifaranga kwa kikombe?”