Mtoto Aliyelelewa Vizuri

Jumanne moja ya mwezi wa tatu mwaka huu, binti wa marehemu dada yangu alifungwa miaka minne na mahakama ya Kakuma. Alivunja duka, akamkata mwenye duka mkono kwa panga. Mimi ndiye niliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

Kabla ya hukumu, afisa wa probesheni alifika kwangu, pembeni mwa Lodwar, kuuliza alivyolelewa. Alisema hakimu angesoma majibu yangu. Majirani walikuwa kivulini wakisuka vikapu, wakisikiliza. Nikajibu, "Nilimlea kama wangu. Hakukosa kitu." Nilijiambia kwamba nikiisifu nyumba nitakuwa nimemsaidia. Sivyo. Nilikuwa najikinga mimi.

Kwetu mtoto akipoteza mbuzi hurudishwa kumtafuta. Wanangu walipopoteza, baba yao alitoka nao na tochi. Huyu alipopoteza, nilifunga lango la boma kwa miiba nikamwambia asirudi mikono mitupu. Alikuwa na miaka tisa. Alikaa siku mbili kwenye laga, ule mto mkavu. Siku ya tatu alileta mbuzi, lakini alama ya sikioni haikuwa yetu. Niliiona. Nikamkamua yule mbuzi nikanyamaza, na ndipo nikampa mtoto chakula.

Sisemi hapo ndipo panga lilipoanzia. Nasema nilikuwepo.

Mahakamani, hakimu alisoma kwamba mshtakiwa ametoka nyumba nzuri, hakukosa kitu, na hana kisingizio. Nilikaa benchi la nyuma. Sikuinua mkono.

Walipompitisha kumpeleka garini, alisimama mbele yangu akacheka, akanisalimia kwa Kiturkana. "Ejok, mama mdogo. Kumbe sikukosa kitu! Mbona hukuniambia mapema, nikashiba?"

"Twende, wewe," askari akamsukuma.

Kesho yake nilienda ofisini kwa yule afisa nikamweleza habari ya mbuzi.

"Mama, mbona siku ile hukusema?"

"Niliona haya."

Hakunigombeza. Alisema bado kuna siku za kukata rufaa, ila maneno ya mdomo hayatoshi. Akanipa karatasi. Niliandika polepole, shule niliachia darasa la saba. Aliposoma, aliuliza kama kulikuwa na mengine. Nikasema yapo.

Akanipa karatasi ya pili.