Mboni na Barua Zisizojibiwa

Mboni Abdurahmani alikuwa karani wa mapokezi katika kiwanda kimoja cha kubangua korosho, nje kidogo ya mji wa Lindi. Alikaa Rasbura na mumewe, na kazi hiyo alikuwa nayo mwaka wa kumi na moja. Alipokea wageni, alipokea simu, alipokea barua. Na barua nyingi zilikuwa za watu wanaoomba kazi. Hakuna aliyewatangazia nafasi. Walijiandikia tu, wengine wakazileta wenyewe ndani ya bahasha za kaki, wakamwomba ahakikishe zinamfikia meneja.

Meneja, Leonard, alitoa agizo wiki ile ile alipohamia kutoka Dodoma. "Bi Mboni, tukianza kumjibu kila mtu hatutabangua korosho hapa. Mtu akiona kimya ataelewa."

Basi Mboni akawa anagonga muhuri wa kupokea barua, kisha anaitia kwenye boksi tupu la karatasi za kopi chini ya meza. Boksi likijaa, anatafuta jingine. Miaka miwili ikapita hivyo, wala hakuwaza sana.

Jumatatu moja ya mwezi wa nne, msimu umekwisha na kiwanda kimetulia, akaingia binti mwenye baibui la kahawia na viatu vyenye udongo mwekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Binti hakukaa. "Naitwa Imani, nimetoka Milola. Nilileta barua hapa mwezi wa tisa. Nimekuja kuuliza kama mmenikataa."

Mboni alidhani amesikia vibaya. Waliokuja kuulizia barua zao waliuliza kama wamepata. Huyu aliuliza kama amekosa, na macho yake yalionyesha kuwa hatanii.

Imani akaeleza. Alikuwa na cheti cha usindikaji wa vyakula. Siku barua yake ilipogongwa muhuri, alirudi nyumbani na nakala, mama yake akaipeleka kwa majirani wote kuwaonyesha. Tangu hapo hakwenda popote. Hata shamba la mbali aliacha kulima, kwa sababu kule mtandao haushiki. Kisha kikundi cha akina mama wa kisiwa cha Songo Mnara kikamwita akawafundishe kutengeneza sabuni ya mwani. Akawaomba wamngoje. Wakamngoja miezi mitatu, na sasa walikuwa wamemwambia Ijumaa ndiyo mwisho, watatafuta mwingine.

"Mama anasema nikivuka kwenda kisiwani, ndipo kiwanda kitakapopiga simu. Kila siku ananiuliza kama simu ina chaji. Nimechoka, mama. Kama ni hapana, niambie hapana."

Mboni akavuta boksi, akapekua. Barua ilikuwa katikati ya rundo, bado imebanwa vizuri pamoja na nakala ya cheti. Aliishika kwa muda, akaona aibu.

"Mwanangu, sitakudanganya. Barua hii haijasomwa na mtu. Na nafasi ya kazi yako hatuna, mwaka huu hatutakuwa nayo."

Alijiandaa kuona machozi. Imani akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akakaa kwenye kile kiti alichokikataa mwanzoni.

"Alhamdulillah," akasema, kisha akacheka na kujiziba mdomo. "Samahani, mama. Si kwamba nafurahi kukosa."

"Naelewa."

"Naomba uniandikie. Kwa mdomo tu, nyumbani hawataniamini."

Mboni akachukua karatasi yenye nembo ya kiwanda, akaandika mistari minne, akatia saini na muhuri. Imani aliisoma mara mbili. Kabla hajafika getini alikuwa tayari ameweka simu sikioni, akiwaambia wale akina mama kwamba Alhamisi yuko kwao.

Baada ya hapo Mboni hakutulia tena na yale maboksi. Kila alipoyagusa kwa mguu chini ya meza alijiuliza ni nani mwingine amekaa nyumbani na simu mkononi. Akaanza kujibu, barua tatu au nne kwa siku, kazi zake nyingine zikiisha. Mwenye namba ya simu alimtumia meseji. Asiye na namba alimwandikia barua. Waliotuma vyeti halisi aliwaambia waje wavichukue. Kwa meneja hakulitaja jambo hilo.

Wiki ya pili Leonard akamwita. Mezani kwake palikuwa na mojawapo ya barua zile.

"Kuna bwana anaitwa Tomaso, nimemkuta getini na hii. Anasema amefuata cheti chake. Nani alikuruhusu kutumia karatasi ya kiwanda?"

Mboni aliona miaka yake kumi na moja inaondoka pale pale. "Hakuna aliyeniruhusu, bosi. Nimeandika mwenyewe."

Kisha, kwa kuwa aliona hana cha kuficha tena, akamsimulia habari za Imani kuanzia mwanzo.

Leonard akainua ile barua ya mezani. "Huyu Tomaso, cheti chake kilikaa kwetu muda gani?"

"Miezi kumi na minne. Na cha kuzaliwa pia."

Meneja akajifuta uso kwa viganja. "Mimi nilidhani kunyamaza ni ustaarabu. Kumwambia mtu hapana naona kama kumvunjia heshima."

"Mtu akiambiwa hapana, anaondoka, bosi. Kimya ndicho kinachomkalisha."

Leonard akageukia kompyuta, akaanza kuandika barua ya kuwajibu wote waliobaki. Mboni akasimama nyuma yake akisoma. Mstari wa mwisho ulisema kwamba nafasi ikipatikana, kiwanda kitawasiliana na mwombaji.

"Tutawasiliana nao kweli?" Mboni akauliza.

Meneja akafikiri. "Sidhani."

"Basi huo mstari tuutoe."

Akautoa. Badala yake wakaandika kwamba nafasi zikitokea tangazo litabandikwa getini, na mwombaji anakaribishwa kuomba upya. Wakakubaliana kila barua ijibiwe ndani ya wiki mbili, na vyeti halisi visipokewe tena.

Mboni alirudi mapokezi, akanywa maji glasi nzima. Kazi yake alikuwa nayo bado. Alikuwa akijicheka peke yake pale simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa mwanamume aliyepata meseji yake asubuhi ile.

"Miezi minane, halafu mnaniambia hapana?"

Mboni akamwacha aseme mpaka akamaliza. "Una haki ya kukasirika, baba. Tumechelewa mno. Tunaomba radhi."

"Haya," mwanamume akasema, sauti imeshuka. "Shemeji yangu ana karakana Mtwara, ananiita tangu Ramadhani. Nitakwenda Jumatatu."

"Nenda, baba. Mungu akufungulie."

Akakata simu, akavuta boksi karibu na kiti, akachukua bahasha iliyokuwa juu.