Kofia ya Mtungi Iliyopimia Chumvi

Ipo Ijumaa moja sijaisahau, mwanangu, na sitaisahau mpaka nifukiwe udongo. Nilikuwa fundi wa mafriji, kijana wa miaka ishirini na kitu, kifua mbele, mdomo umetangulia mikono. Asubuhi ya Ijumaa hiyo nilikaribia kumuua rafiki yangu kwa kitu kisicho na rangi wala harufu. Keti nikusimulie, maana jana nilikuona ukipita hapa Malukhu na mtungi wa nitrojeni umeulaza kwenye boda-boda, kichwa wazi, nawe unapiga mluzi. Chai yangu ilinishinda kumaliza.

Vita vilikuwa vimekwisha, na Jinja ilikuwa imekombwa. Karakana yetu ya Walukuba tuliikuta haina milango, haina vitasa, haina hata misumari ya kutundikia makoti. Mitungi ya gesi tu ndiyo ilisalimika, kwa kuwa ni mizito na watu waliidhani mabomu. Mkubwa wetu, Fundi Isabirye, mzee mfupi mwenye sauti ya mwadhini, aliiinua mmoja mmoja, akaisimamisha ukutani na kuifunga mnyororo. Kila mtungi alihakikisha una kofia yake. Nasema kofia, ile ya chuma inayozungushwa juu ya mtungi kufunika valvu, kwa sababu valvu ndiyo shingo ya mtungi, na shingo huvunjika upesi.

Miaka ile hakuna kitu kilichopatikana dukani. Mama yangu aliuza chumvi kwenye meza ndogo pale mtaani, na kopo lake la kupimia liliibwa pamoja na sufuria zake. Siku moja nikaitazama kofia ya mtungi, nikaona kopo. Nikaifungua, nikaificha ndani ya shati, nikampelekea. Mama alifurahi mno. Ilikuwa na matundu mawili ubavuni, akayaziba kwa nta, na wiki hiyohiyo Walukuba nzima ikawa inanunua chumvi kwa kofia. “Mama, nipimie kofia mbili.” Nikipita pale nilijiona mtoto mwema kuliko wote. Aibu ndiyo hiyo, mwanangu. Nilikuwa nimeiba, na nilikuwa najipongeza.

Basi tukaitwa Mbale. Zahanati moja hapa Malukhu ilikuwa na chumba cha baridi cha kuhifadhia chanjo, kidogo kama jiko, kuta nene, mlango mzito unaojifunga wenyewe, dirisha hakuna. Gesi ya kupoza ilikuwa imevuja yote, na watoto walikuwa wanaugua surua huku chanjo haina pa kukaa. Tulihitaji nitrojeni ili tuijaze kwenye mabomba na tupake povu la sabuni nje. Pale povu linapotoa mapovu ndipo penye tundu. Fundi Isabirye alitangulia kwa basi. Mimi na Wafula tukafuata Alhamisi na pikapu na mtungi.

Wafula alikuwa Mgisu wa hukuhuku Mbale, rika langu, na hakuna kijana aliyejua kuunga bomba la shaba kwa moto kama yeye. Mkono wake haukutikisika hata akiwa na njaa, na njaa tuliijua. Tulipopakia mtungi, akauliza, “Hii kofia yake iko wapi?” Nikamwambia haina. Akanitazama, kisha akavuta turubai akaufunika.

Kabla ya kufika Tororo tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari mmoja akafunua turubai, akaruka nyuma.

“Hii bomu ya nani?”

“Si bomu, afande,” nikamjibu. “Ni upepo ya friji.”

“Upepo? Upepo nafungwa ndani ya chuma? Shusha chini tuone!”

Tukaushusha kwa haraka, hofu imetujaa mikononi. Ukatuponyoka. Kichwa chake kikagonga kona ya bampa, ngaa! Askari akajitupa kwenye nyasi, na sisi, mwanangu, tukacheka. Naye alipojiona hajafa akacheka, akaturuhusu kwenda. Tulicheka mpaka Mbale. Kama kofia ingekuwapo, ingekuwa yenyewe iliyopokea pigo lile, na tungekuwa na haki ya kucheka.

Fundi Isabirye alitupokea zahanati. Jicho lake lilienda juu ya mtungi kabla hajajibu salamu.

“Kofia?”

“Askari wameichukua njiani, mzee.”

“Na valvu? Umeipaka sabuni kuona kama inavuja?”

“Nimeipaka, mzee. Iko sawa.”

Sikuwa nimeipaka. Uongo wa kwanza ulihitaji mwenzake. Mzee akasema mtungi usimamishwe kwenye veranda, penye hewa, ufungwe kwenye nguzo. Kisha akaenda kwa ndugu yake mjini alikofikia.

Alipokwisha kuondoka, tuliitazama ile veranda, haina geti wala mlinzi. Sisi tulioishi miaka ile hatukuogopa kitu kuliko mwizi. Chuma kikilala nje, asubuhi hukikuti. Mlango pekee wenye kufuli zahanati nzima ulikuwa wa chumba cha baridi. Nikamwambia Wafula, “Tuuweke humu ndani, mzee hatajua.” Wafula akasita, lakini nilikuwa na maneno mengi kuliko yeye. Tukauingiza, tukafunga kufuli, ufunguo akabaki nao yeye. Nakuambia tulijiona wajanja.

Valvu ilikuwa imepinda kidogo pale bampani. Ilivuja usiku kucha, taratibu, ndani ya chumba kisichopitisha hata mdudu.

Asubuhi nilikwenda kwa nesi kuomba kipande cha sabuni. Wafula akafungua kufuli, akaingia na koroboi, maana taa zilikuwa zimekufa. Niliporudi nikakuta mlango umejifunga. Nikaita, kimya. Nikauvuta. Koroboi ilikuwa sakafuni, imezimika, na Wafula amelala kifudifudi, miguu imeelekea mlangoni. Hakuna moshi. Hakuna harufu. Ungedhani amechoka akajinyoosha.

Niliinama nikimbilie ndani, na mkono ukanikamata ukosi. Fundi Isabirye alikuwa ndiyo kwanza anafika. Aliona mtungi, akaona koroboi iliyozimika, akajua.

“Usiingie!”

“Anakufa, mzee! Niache!”

“Ukiingia mtakufa wawili! Humo hamna hewa!”

Nilimpiga kiwiko cha mbavu, mwanangu. Mzee wangu, aliyenifundisha kazi. Hakuniachia. Alinitupa pembeni, akauegemeza mlango kwa mwili wake usijifunge, akanielekeza kwa kidole ule mti mrefu wenye ndoano ambao manesi walifungulia madirisha ya juu. “Lete ule!” Nikauleta. Yeye, amesimama nje ya kizingiti, akaupenyeza, akatafuta mkanda wa suruali ya Wafula, akaukosa, akautafuta tena. Sijaona mtu mwenye haraka kiasi kile akienda taratibu kiasi kile. Ndoano ikanasa. Tukamvuta wote wawili mpaka kwenye veranda, uso wake umekuwa wa majivu.

Nesi akapiga magoti akampulizia pumzi mdomoni. Mimi nilikaa chini nikilia kwa sauti, naona haya kukwambia lakini nakwambia. Niliomba kila dua niliyofundishwa na nyingine nikazitunga. Wafula akakohoa. Nesi akaendelea mpaka alipofungua macho na kuuliza kwa nini tunamkalia kifuani.

Hapo ndipo nilipomweleza Fundi Isabirye yote: kofia, bampa, sabuni ambayo sikuipaka. Nilitegemea kofi. Angenipiga ningeshukuru. Alisema tu, akishika mbavu zake, “Kazi ya leo tunaimaliza. Watoto wa hapa wanangoja chanjo. Ukirudi Walukuba, utakwenda kwa mama yako, utaomba ile kofia kwa mdomo wako, na sababu utaitaja.”

Tukaacha chumba kile wazi hadi adhuhuri, tukatoa mtungi, na baada ya swala tukaomba mwingine kwa fundi mmoja Mkenya aliyekuwa akitengeneza friji za wachuuzi wa samaki. Siku ya tatu baridi ikashika. Siku ya nne chanjo zikaingia, na foleni ya akina mama ikafika barabarani. Mzee alisimama akiitazama foleni ile, kisha akatuamuru tufungashe vifaa.

Wafula alipona, lakini mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka na haukuacha tena. Shaba ikamshinda. Nilipomwomba msamaha alinijibu, “Wewe ulitoa kofia, na mimi nilijua nikanyamaza. Tufanye kazi.” Akawa mtunza ghala wetu, miaka mingi, na mtungi usio na kofia haukupita mbele yake, hata uwe wa mkubwa gani.

Nikarudi Walukuba. Mama alikuwa mezani na wateja wanne. Nikamweleza pale pale, mbele yao. Alisikiliza hadi mwisho, kofia imejaa chumvi mkononi mwake. Kisha akaimwaga chumvi yote kwenye gunia, akatoa nta kwa kucha, akaifuta kwa kanga yake, akanipa.

“Kumbe nilikuwa nawapimia watu chumvi kwa roho ya mtoto wa mwenzangu,” akasema. “Ipeleke. Leo nitapima kwa mkono.”

Nimeziba na kufungua mitungi maisha yangu yote, mwanangu, na sauti hiyo bado naisikia.

Sasa nisikilize, kwa kuwa hasira yangu ya jana ilitokana na mapenzi. Mtungi usimame na ufungwe, ukutani au garini, usiegemee kwa bahati. Usiubingirishe, usiulaze kwenye boda-boda. Kofia ikae kichwani mpaka dakika unayofunga regyuleta, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi, na kazi ikiisha irudi kabla hujanawa mikono. Uweke penye hewa na kivuli, mbali na moto. Ukiogopa mwizi, jenga kibanda cha wavu. Chumba kisichopumua usikifanye ghala. Ukiugonga, useme umeugonga, upake sabuni kwenye valvu, na ukivuja uache nje. Nitrojeni si sumu, ndiyo sehemu kubwa ya hewa hii tunayovuta, na ndiyo maana mwili haukuonyi: ikijaa peke yake unaanguka kabla hujashtuka. Na ukimwona mwenzako ameanguka ndani, moyo utakwambia kimbilia. Ukatalie. Fungua mlango, piga kelele, mvute ukiwa nje. Mimi nilizuiwa na mzee. Wewe huenda utakuwa peke yako, basi jizuie mwenyewe.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na ulimi usioficha kosa. Akurudishe kwa mama yako kila jioni ukiwa mzima. Haya, chukua hii uende nayo. Ndiyo kofia yenyewe, niliiomba karakana nilipostaafu, na kwenye matundu yake nta bado ipo kidogo. Kauvishe mtungi wako kabla hujautafutia gari.